Ruta Zisizo na Mwili

Nyumba yetu ya Sinza ina ruta moja ya kuonekana kwa macho, ile nyeupe iliyo juu ya kabati la vyombo, na nyingine kadhaa za mdogo wangu ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Hizo zinaishi ndani ya kompyuta ya sebuleni. Bwana mdogo anajiandaa na mtihani wa CCNA, na kwa kuwa ruta ya Cisco, hata iliyokwisha kutumika, bei yake si ya mtu anayekula kwa dada yake, anatumia imeji: faili lenye programu nzima ya ruta, ambalo ukilipakia kwenye GNS3 au EVE-NG linaamka likiamini kabisa kwamba lina mwili.

Mama alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu. "Na zenyewe zinakula bando?"

Bando hazili, zinakula RAM. CSR1000v ya Cisco hudai karibu GB 4, na kompyuta yetu ina GB 8 zote kwa jumla, pamoja na za Windows. Akiwasha mbili, feni inaunguruma mpaka mama anaongeza sauti ya taarifa ya habari. Na bado tuna nafuu. Mwaka 2005 Mfaransa Christophe Fillot alianza kutengeneza Dynamips, programu inayoiga ruta za Cisco, na kwa ruta zile kazi nzito kuliko zote ilikuwa kukaa bure. Ruta isipokuwa na la kufanya huzunguka palepale ikisubiri. Ikiwa ya kuigwa, kila mzunguko unaubeba wewe, na prosesa inafika asilimia 100 bila hata pakiti moja kupita. Dawa yake ni namba iitwayo Idle-PC, inayoionyesha Dynamips mahali ruta inapozugia, ili iipumzishe. Nimewahi kufanya kazi katika ofisi iliyoihitaji sana namba hiyo.

Tena zina maringo. Kwenye EVE-NG faili la diski lazima liitwe jina lililopangwa, mathalani virtioa.qcow2; kosea herufi moja uone kama litaamka. Na ruta ya Cisco ukiiandikia amri vibaya, "shwo" badala ya "show", haikuambii kwamba umekosea. Inadhani Shwo ni jina la kompyuta fulani, inatoka mlangoni na kuita mtaa mzima kama mjumbe wa nyumba kumi: jamani, nani anamfahamu Shwo? Wewe unasubiri. Ndiyo maana wanafunzi wengi huanza kwa kuandika "no ip domain-lookup" kabla hata ya kuipa ruta jina.

Imeji za Cisco nazo si za kuokota popote. Kampuni huuza maabara yake, CML, na toleo la mtu binafsi limekuwa likiuzwa dola 199 kwa mwaka. Mdogo wangu alinitajia bei hiyo, akanitazama usoni, akahamia kampuni ya MikroTik. CHR, ruta yao isiyo na mwili, hupakuliwa bure na hutosheka na MB 256 za RAM. Leseni ya bure ina sharti moja tu: kila intafesi haitumi zaidi ya Mbps 1. Kwa mazoezi, inatosha.

Jumamosi moja intaneti ya nyumba ikawa nzito. Haikukatika, ingekatika tungelala. Simu yangu ilikuwa safi, ya mama ilikuwa inazunguka tu, na dada mpangaji wa chumba cha uani, tunayechangia naye malipo, alikwama katikati ya mkutano wa video akiwa amefumba macho na mdomo wazi, mbele ya bosi wake. Akaja kugonga. Nikampigia fundi.

Fundi akaja, akaamkia, akapima kwenye ruta nyeupe: kasi iko sawa. Akapima kwenye simu ya mama: nukta tisa. Akazima, akawasha, na simu yangu nayo ikaingia kwenye foleni. Ndipo akatazama anwani niliyopewa, 10.10.10 na kuendelea, akauliza nani humu ndani ana MikroTik.

"Hatuna," mama akajibu.

Akafungua Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, kwenye laptop yake. Palepale ikajitokeza jirani, imejiandika MAKAO-MAKUU, aina CHR. Akaingia kwa jina admin bila nywila, mlango ukafunguka.

Kumbe mdogo wangu alikuwa ameiunganisha maabara yake na mtandao wa nyumba, kompyuta ikiwa kwenye waya, na MAKAO-MAKUU ilikuwa na seva ya DHCP. Simu ikiomba anwani, mara nyingi humfuata anayewahi kuijibu, na ruta isiyo na mwili ilikuwa na kiherehere kuliko ile ya kabatini. Waliowahiwa nayo wote walikuwa wanagawana Mbps 1 ya leseni ya bure.

"Lakini Dada, NAT ilifanya kazi," alijitetea, na niliona kabisa kwamba anajivunia.

Mpangaji akataka apunguziwe mchango wa mwezi. Fundi alikuwa ameshavuta kiti, anakagua usanidi mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni lawama au sifa.

"Dogo," akasema akinyanyuka, "ukifaulu nitafute, kazi zipo. Ila hiyo kompyuta uje umeiacha nyumbani."