Sifa za Gesti ya Bandarini

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, bahari na macho ya wapenzi, na wapiga zumari wa biashara wamekwisha kuzisifu hoteli za Masaki zenye mabwawa ya kuogelea na mito laini. Lakini nyumba dhalili ya kulala wageni iliyo karibu na bandari ya Dar es Salaam, ambayo humpokea msafiri wa Unguja usiku na kumtoa alfajiri akiwa na jasho, alama za mbu na haraka isiyo na kifani, haijapata hata mtu mmoja wa kuitetea, seuze kuisifu. Dhuluma hiyo imedumu mno, na mimi nimeazimia kuiondoa.

Nasaba yake si haba. Zamani za majahazi, mtu aliyenuia kwenda Maskati alingoja mpaka pepo za kusi zianze kuvuma kiasi cha Aprili, na katika kungoja huko alikuwa mgeni wa jamaa au rafiki, akila chakula chao na kulalia kitanda chao, hali anajua kwamba desturi ilimpa siku mbili za takrima na siku ya tatu ilimkabidhi jembe. Gesti ilikuja kuiondoa fedheha hiyo. Haimnunii mgeni wala haimpi jembe. Humtaka alipe kwanza, kisha humfungulia daftari kubwa, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikasafiri nayo, aandike jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Mwenye cheo na mchuuzi wa dagaa hujaza safu zile zile, na kwa hivyo methali isemayo kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, ambayo kwingine hutajwa kwa kufarijiana tu, pale hutekelezwa kwa maandishi.

Chumba chenyewe ni chuo cha adabu. Godoro la sponji, kwa kulaliwa na umma mkubwa, limefanya bonde katikati, na mwenye kulala humo hushuka na kupanda kila ajigeuzapo, hata asubuhi boti ifikapo penye mawimbi na wahudumu wakaanza kugawa mifuko ya kutapikia, tumbo lake limekwisha kuzoea. Chandarua kina matundu, wala si kwa uzembe bali kwa uadilifu, maana mbu ni wenyeji wa siku nyingi na mgeni ni mpita njia. Chini ya kitanda zipo ndala mbili, nyekundu ya mguu wa kushoto na ya buluu ya mguu wa kushoto vilevile, ambazo humfunza mvaaji mwendo wa hadhari; na bafuni ipo ndoo na kopo, yenye maji ya kisima ambayo chumvi yake humtambulisha mtu kwa bahari kabla hajaikanyaga.

Lakini fadhila yake kuu ni kukesha pamoja na mteja. Boti ya kwanza ya Unguja huondoka saa moja asubuhi, na lango la abiria hufungwa kabla ya hapo bila kuuliza ukoo wa mtu. Mlala hoteli ya fahari huamshwa kwa simu ya kiungwana, huitazama bahari kupitia kioo, hujiongezea usingizi kidogo, hushuka kwa utulivu kula mayai, kisha teksi yake hukwama katika foleni ya Daraja la Salenda, naye akabaki na haki yote ya kulalamika na asiwe na boti. Mlala gesti ameepushwa na balaa hiyo. Saa sita za usiku malori ya Kongo na Zambia hutoka bandarini na makontena yao kwa kishindo; saa nane meli hupiga honi; saa kumi jirani, ambaye hakutengwa nawe ila kwa ubao mwembamba, huitafuta tiketi yake kwa sauti kuu na kuishuku aila yake yote; mara adhana hutoka misikiti ya mjini, na baada yake kengele za Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo Wajerumani walimaliza kulijenga mwaka 1902 likiielekea bahari, kana kwamba walibashiriwa kuwa siku moja gati la boti litakuwa ng'ambo ya barabara. Ikifika saa kumi na mbili, mteja wa gesti amekwisha kupanga foleni, tiketi mkononi, wala hakuna aliyemwamsha.

Wapo wataka makuu watakaosema kwamba mtu aendaye safari anastahili kupumzika kwanza. Nawajibu kwamba adui wa safari si dhoruba wala nauli, bali ni raha ya pale mtu alipo. Hoteli njema humfanya msafiri aiage nchi kavu kwa majonzi, na kila kiti cha boti akakiona kigumu. Gesti humfanya aiage kwa shukrani, na kiti kile kile akakiona cha enzi. Sijapata kumsikia abiria aliyeiacha boti kwa sababu alitamani kurudi chumbani mwake.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wanaozigawia hoteli nyota wasiikumbuke kabisa nyumba hii tukufu. Wakiipa hata nyota moja, mwenyewe ataingiwa na kiburi, atanunua godoro jipya, ataziba chandarua, na pengine atapata ndala ya mguu wa kulia. Wageni watalala fofofo hadi jua lipande, na boti ya saa moja itakwenda Unguja na nahodha na mabaharia wake peke yao.