Kosa Lililosahihishwa

Jana usiku roboti ilinipa alama ya X nyekundu huku mpwa wangu amesimama nyuma ya kiti. "Mjomba, umefeli?" Nikamwambia akalale.

Nilikuwa nasaidia tu. Mwongozo wa programu huria ninayoitumia kila siku una kichwa cha habari kilichokosa herufi L, tena kwenye ukurasa ambao kila mgeni huanza nao. Chini wameandika kwamba mchango wa yeyote unakaribishwa, hata uwe mdogo. L moja! Mdogo kuliko huo ni nukta.

Basi unafungua akaunti. Unapakua mradi mzima pamoja na historia yake, zikiwemo picha zilizofutwa zamani, bando likiteketea. Unaanzisha tawi, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia mabadiliko, unalipa jina, ndipo unaigusa hiyo L. Hii ndiyo Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko, na haki ya Mungu ni kitu cha ajabu. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux. Kila badiliko unalohifadhi kwa kawaida hupewa utambulisho wa herufi na tarakimu 40, unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, jina lako, saa uliyohifadhi na utambulisho wa badiliko lililotangulia. Kwa hiyo ukichezea koma moja ya zamani, vitambulisho vyote vinavyofuata vinabadilika, na udanganyifu wako unaonekana. Nilibaki naitazama L yangu ikiwa na namba ndefu mara mbili ya ile ya kitambulisho cha taifa cha NIDA.

Nikatuma. Roboti inayokagua kila mchango ikakataa.

Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa reStructuredText, ambamo kichwa cha habari hutambulika kwa kupigiwa mstari wa alama, tuseme ====, na mstari huo haupaswi kuwa mfupi kuliko kichwa. Kwa kawaida ukipungua unapewa onyo tu, ila mradi huu umeamua kila onyo ni kosa. Sasa, kichwa changu kilikuwa kimerefuka kwa herufi moja na mstari haukurefuka. Maana yake neno lililokosewa lilikaa pale kwa amani muda wote, kwa sababu lililingana na mstari wake. Sahihisho ndilo lililovunja sheria.

Nikaongeza alama moja, ikapita. Sasa inasubiri mwenye mamlaka aipitie, naye hana haraka.

Kinachoniuma si roboti. Anayejua mwongozo umepotosha wapi ni yule aliyekwama leo asubuhi akiufuata. Walioandika hawakwami, kwa kuwa hawausomi. Na huyo aliyekwama ndiye anayewekewa matawi, mikataba na majaribio mlangoni, hadi akija kuyamudu yote ameshasahau alikwama wapi. Wikipedia imemruhusu mpita njia kuhariri tangu 2001, na makosa yake husahihishwa na mpita njia mwingine. Ukiwaambia hivyo watu wa programu huria, wanakujibu kwamba ubora utashuka. Ubora upi, ndugu zangu? Ule uliokosa L?

Mradi wa pili niliojaribu kuusaidia ulinitaka nitie saini mkataba wa hakimiliki kwa ajili ya koma.

Wa tatu una kitufe kizuri cha kuhariri chini ya kila ukurasa. Nilikibonyeza, kikanipeleka kwenye ukurasa usiokuwepo.