Mama Mikebuka Anajibu

*Jambo Mama. Mchumba wangu ana binamu yake Ugiriki. Kila jioni anatumiwa picha: bahari ya buluu, watu wamepanda mpira mrefu kama ndizi, boti inawavuta. Sasa Jumapili anataka tuogelee pamoja. Nilishamwambia naogelea kama samaki. Ukweli ni kwamba naoga tu. — Samaki wa Mulongwe*

Mwanangu Samaki, kilichokuponza ni lugha. Hapa kwetu kuoga na kuogelea tumevifanya neno moja, basi kila aliyejimwagia maji anajiita mwogeleaji. Kwanza ungama. Atakucheka siku tatu. Afadhali hivyo kuliko matanga, maana samaki wa matanga hukopwa kwangu.

Kisha tafuta mtoto wa wavuvi akufundishe, na umlipe. Atakuletea bidoni la njano la lita 20. Kagua mfuniko! Nimeona lililozibwa kwa kifuko cha plastiki kilichosokotwa. Lilianza kunywa maji kabla ya mwenyewe. Likumbatie, piga miguu, fuata ufuko, maji yasipite kifua. Kuanzia Kalundu kwenda kusini milima haikomei ufukoni, inaendelea kushuka humo humo majini: hatua moja magoti, ya pili hakuna chini. Ziwa hili la Tanganyika lina mahali penye kina cha mita 1,470, na hakuna aliyekutuma ukapime. Tena upepo wa milimani ukivuma, toka. Bidoni hugeuka tanga, na utafika Bujumbura bila karatasi.

*Mama, shemeji anasema mamba hali mtu Jumapili, tena Gustave alikufa zamani. Tuogelee kwenye mdomo wa Ruzizi? — Mwenye Imani, Kavimvira*

Mwenye Imani, huyo shemeji unamdai, au yeye ndiye anayekudai? Gustave, yule mamba aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliwekewa mtego wa chuma akaupita kama hauoni. Wanaosema amekufa hawajatuletea hata jino. Tuseme amekufa: alikuwa tasa? Pale mtoni maji ni tope. Wewe humwoni, yeye anakuona. Mimi kiboko ndiye anayenitisha zaidi. Jua likizama anapanda nchi kavu kula majani, na ole wake atakayesimama kati yake na maji. Nendeni saa nne asubuhi, mbali na mto, penye watu na kelele.

*Nikitoka ziwani ngozi inawasha. Ni jini? — Mwenye Kuwashwa*

Ni konokono. Kichocho hutokana naye, penye majani na maji yaliyotulia. Nenda kituo cha afya wakupime choo na mkojo. Dawa ni praziquantel, na kipimo chake hufuata uzito wa mwili, kwa hiyo usimwachie yule shemeji wa Kavimvira akupimie. Na ukiogelea, funga mdomo. Kipindupindu Uvira si mgeni.

Barua ya nne, ya bwana anayeuliza kama bia hupunguza baridi ya maji, nimeifungia ndagala.