Umeme Ulikatika Kabla Sijatua

Jumapili iliyopita, mlangoni mwa kanisa, mzee mmoja wa kanisa aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akaniuliza, akina mama wa kwaya wakisikia: "Mwanangu, nyumbani unasali kweli?" Nikasema shikamoo mzee. Hakuitikia. Huku kwetu mzee asipoitikia shikamoo, ujue kesi yako ilishasikilizwa bila wewe kuwepo.

Mashtaka yenyewe ni vidole vinne. Tulikuwa kwenye wimbo wa sadaka, do ikiwa G, umebaki ubeti wa mwisho. Nimewasikiliza mno wapiga ogani wa makanisa ya Wamarekani weusi, na kwao ubeti wa mwisho hauachwi palepale ulipoanzia wa kwanza. Unapandishwa nusu hatua, waliosinzia waamke, na wenye mikono mifukoni waitoe ikiwa na kitu. Ili nitoke G niingie A flati, nikabonyeza do, ma, fe na la kwa pamoja, nikaongeza sauti, nikainua kichwa kwa madaha.

Umeme ukakatika.

Kodi hiyo ya kinanda inastahili kuelezwa, maana mimi hunikosesha usingizi. Sauti zake nne zimeachana sawasawa, nusu hatua tatu tatu, mpaka zinaizunguka oktava na kurudi zilipoanzia. Hakuna iliyo kubwa kwa mwenzake. Kwenye kodi za kawaida sikio linajua nyumbani ni wapi, ila hapa umesimama njia panda ya barabara nne na anayejua safari ni dereva peke yake. Na kwenye kinanda kizima, kiwe na vibonyezo 61 au 88, kodi za aina hiyo ni tatu tu! Sogeza mkono nusu hatua mara tatu, umezirudia sauti zilezile. Ndani yake mna miruko miwili ya ule umbali ambao wanamuziki wa Ulaya waliuita shetani ndani ya muziki. Hilo sikumwambia mzee.

Hata ukali wake una hesabu. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa bado wameshikilia mi, inayotetema mara 494 hivi kwa sekunde, na ma yangu ikitetema mara 466. Zikikutana zinagongana mara 28 kila sekunde, sikio likasikia mkwaruzo. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliona mkwaruzo huo huudhi zaidi migongano ikifika thelathini na kitu. Nilipungukiwa kidogo tu kuifikia karaha kamili ya kisayansi. Lakini mkwaruzo ndio unaoifanya A flati ikifika iwe tamu. Nilihitaji nusu sekunde kutua. Nusu sekunde!

Badala yake kinanda kilinyamaza na kodi ikabaki darini, haijatua. Wanaume wakaendelea na G. Akina mama, ambao masikio yao yalishadokezwa safari, wakapanda. Tukaimba ubeti mzima hivyo, nusu hatua kati ya mume na mke, nami mikono yangu ipo mapajani, sijagusa kitu. Mchungaji akakohoa. Mtoto mmoja akalia, tena kwenye A flati, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Si mara ya kwanza kinanda kuniponza. Kitufe cha kuhamisha ufunguo nacho kiliwahi kubaki kimepandishwa ibada nzima ya Pasaka. Harusini, kodi hiyohiyo ilimsimamisha bibi harusi katikati ya njia.

Hata hao Wamarekani hawakuanza kwa kupigiwa makofi. Thomas A. Dorsey aliupeleka mkono wake wa blues kanisani, Chicago, na wachungaji kadhaa wakamfungia mlango kabla nyimbo zake hazijaenea kote. Ila yeye walau alikataliwa kwa kodi zilizotua.

Spika ya kanisa letu hupiga mluzi kila Jumapili, na hakuna aliyeiuliza kama inasali. Kiongozi wa mapambio huanza kwa ufunguo mmoja akamalizia kwa mwingine, anaitwa mwenye upako. Mafuta ya jenereta yalikatwa kwenye bajeti na watu walewale wanaonishtaki. Bodaboda ya mazoezi najilipia. Jogoo wa mnada baada ya ibada hupigiwa makofi, mimi natafutwa siku ya lawama tu. Na kodi hiyo nimeipiga humo kanisani Jumapili nyingi, ikatua salama, watu wakainua mikono wakasema Roho amepita. Siku hizo hakuna aliyetaka kujua vidole vyangu viko wapi.

Sasa baraza la wazee limeniandikia: nilete kodi zangu zote kwa maandishi, kwa solfa, zipitishwe kabla ya kupigwa. Ni ajenda inayofuata paa la choo. Nimeziandika zote. Johann Sebastian Bach, Mlutheri kuliko sisi sote, aliitumia kodi ya aina hiyo yangu kwenye Mateso Kadiri ya Mathayo, pale umati unapopaza sauti kumtaka Baraba. Basi pembeni ya do, ma, fe, la nimeandika tu: "Bach, 1727."

Jana katibu alinipigia simu. Alitaka kujua huyo Bach ni wa usharika gani.