Jini Akivuka Museum Hill

Waheshimiwa, wapenzi wa fasihi, na nyinyi wa viti vya nyuma mliofuata chai na mandazi, karibuni. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Mipaka ya Hadithi Fupi, cheo nilichojitunuku mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na wa kunitahini.

Leo nawaonyesha mpaka kati ya fasihi pendwa na fasihi ya dhati. Uko Museum Hill, hapa Nairobi. Kitabu kikitandazwa juu ya gunia kando ya barabara ya Tom Mboya na kuuzwa kwa kelele, hicho ni pendwa: mna majambazi, majini na roketi. Hichohicho kikipanda matatu, kikateremka Westlands na kupangwa rafuni pale Sarit, tayari ni dhati. Ukitaka ushahidi, soma bei.

Wakaidi wapo. Mwaka 2014 Okwiri Oduor alileta hadithi ambamo marehemu baba anamrudia bintiye. Mzimu! Nikasubiri Waingereza wamkemee. Wakampa Tuzo ya Caine na pauni 10,000. Januari 2015 vijana wa jarida la Jalada, hapahapa Nairobi, wakatoa toleo zima kuhusu Afrika ya kesho na keshokutwa, kana kwamba hawana wazazi. Nililitia wino mwekundu hadi kalamu ikakauka. (Haya, nililisoma mara tatu. Ni wajibu wa kitaaluma.)

Kilichonilaza na kitambaa cha maji kichwani ni mwaka 2016. Jalada haohao wakachapisha hekaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ*, ikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Humo mikono na miguu inashindania ukubwa. Viungo vya mwili, jamani! Sasa Ngũgĩ naye nimrudishe Tom Mboya, juu ya gunia? Nilijifungia chumbani Kangemi siku mbili, nikatoka na Kanuni Kuu: jini wa mwandishi mashuhuri ni sitiari, jini wako wewe ni jini.

Maswali? Dada wa nyuma, shusha mkono. Nimesema shusha. Ndiyo, kitabu changu kipo pale mlangoni, shilingi 300, na pia kipo kwenye gunia, lakini kwa muda tu. Na huyo mwanamke mwenye kwato za mbuzi katika ukurasa wa 9 ni sitiari. Ya kodi ya nyumba.