Namna ya Kumpiga Bata Aliyehama Televisheni

Kwanza mtafute bata. Kama ulikulia mtaa wenye mashine ya gemu ya kaseti, mnajuana: anaruka kutoka majanini, unamlenga kwa bastola ya plastiki, ukimkosa mbwa anainuka na kukucheka. Gemu hiyo inaitwa Duck Hunt, Nintendo waliitoa Japani mwaka 1984. Kwetu ilifika ndani ya kaseti za bandia, imepangwa pamoja na Mario na Contra, gemu moja ikirudiwa mara kumi kwenye orodha kwa majina tofauti. Hata mashine nyingi tulizochezea hazikuwa za Nintendo. Zilikuwa nakala za Famicom yao. Kwa hiyo unapopakua emuleta kwenye simu, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, fahamu kwamba unataka iige kitu ambacho nacho kilikuwa kinaiga. Hilo litakusumbua mbele ya safari.

Sasa weka kidole mbali. Emuleta nyingi zitakuruhusu umguse bata kwenye kioo naye ataanguka. Dakika tano zitatosha kuwaangusha bata wengi, na hutakuwa umelenga hata mmoja. Utamu wote ulikuwa kwenye mkono ulionyooka, jicho moja lililofumbwa, na nduguyo anayepiga kelele sikioni ili ukose.

Basi ishushe bastola kabatini, uchomeke mashine ya zamani kwenye televisheni mpya iliyo bapa. Nilifanya hivyo mwenyewe. Picha ilikuja safi, bata waliruka, na hakuna risasi hata moja iliyompata yeyote. Jioni nzima nilihangaika nikidhani bastola imekufa, kumbe ilikuwa nzima.

Bastola ile haitoi kitu. Inapokea. Unapovuta kifyatulio, gemu inaifanya skrini nzima kuwa nyeusi kwa picha moja, kisha mahali pa bata inachora kisanduku cheupe kwa picha moja tena. Bastola ina jicho linaloona mwanga: likiona giza halafu weupe, umempata. Bata wakiwa wawili, visanduku huja kimoja baada ya kingine, na gemu inajua umempata yupi kwa kuhesabu zamu. Kwa mashine zinazochora picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa kama milisekunde 17. TV ya chogo huchora mstari kwa mstari, papo hapo mawimbi yanapoingia. TV bapa hupokea, huhifadhi, hukuza, husafisha, ndipo inaonyesha. Kisanduku cheupe kinapotokea, bastola imekwisha kukata shauri kwamba umekosa. Hakuna waya wala betri itakayoliponya hilo. Nenda kwa fundi TV wa mtaani, umwombe chogo ambalo bado linawaka, na umwambie asilitupe lingine.

Ukishapata la kumlengea bata, mgeukie Mario. Atakimbia kuliko ulivyomzoea, na hujazeeka kiasi hicho. Televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na nakala nyingi zilizotengenezwa kwa mfumo huo ziliendesha gemu za Kijapani polepole kwa takriban asilimia 17, muziki pamoja. Emuleta huanza na 60. Ikiwa utoto wako ulikuwa wa 50, fungua mipangilio ya emuleta kama Mesen au FCEUX na uchague Dendy, jina la nakala maarufu iliyouzwa Urusi. Wimbo utatulia, na vidole vyako vitakumbuka pa kuruka.

Watu huuliza kwa nini simu yenye nguvu nyingi namna hii ihangaike na mashine iliyokuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu. Nguvu peke yake haitoshi. Watunzi wa zamani walitegemea kila mdundo wa chipu, mpaka kasoro zake. Kuigiza chipu zote zikiongea kwa wakati mmoja ni kazi kubwa: mwaka 2011 mtunzi wa bsnes, emuleta ya Super Nintendo, alieleza kwa nini usahihi alioutaka ulihitaji prosesa ya gigahezi 3, wakati ya mashine yenyewe haikuzidi megahezi 3.58. Mimi namheshimu mno mtu wa namna hiyo.

Contra sasa. Usiicheze kwenye kioo cha simu. Padi ya zamani ina msalaba ulioinuka, na kidole gumba huusoma bila macho kushuka. Kioo hakina ukingo, kidole kinateleza, na mkono wenyewe unamfunika adui. Jaribu kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A ili upate maisha 30. Ukifaulu, shangazi atapiga simu kukujulia hali wakati daraja la kwanza linalipuka chini ya miguu yako. Nunua padi ya waya, kwa sababu Bluetooth nayo huongeza kuchelewa. Kama unatumia televisheni bapa, washa hali ya gemu, na kwenye programu ya emuleta ya RetroArch washa kile kipengele cha kutangulia mbele picha moja au mbili ili kufidia. Na tafadhali rudisha umbo la 4:3. Mario aliyevutwa kujaza skrini pana anaonekana amekalia kiti cha basi siku nzima.

Usumbufu wote huu wa nini? Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilikuta asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani haziuzwi tena popote kwa njia ya kawaida. Zikiachwa zitapotea. Za kwetu, za kaseti zisizo na jina la mtu, hakuna hata aliyezihesabu.

Limebaki moja, na wengi hawalijui. Kwenye Duck Hunt, katika mchezo wa bata mmoja, padi ya kwanza humwendesha bata. Emuleta inalijua hilo, lakini simu hushikwa na mtu mmoja. Jumapili nililiweka chogo juu ya meza, nikashika bastola, nikampa mpwa wangu padi bila kumwambia kitu. Alibonyeza ovyo, akaona bata anageuka kila anapogeuza yeye, akaniangalia.

"Mjomba, huyu ni mimi?"

Nikamwambia ndiye. Alimpeleka bata kwenye kona ya juu kabisa na kumzungusha hapo mpaka risasi zangu tatu zikaisha. Mbwa akainuka majanini, nasi tukacheka naye.