Simu Yangu Ilivyonichongea kwa Wakwe

Mzee aliyekaa mkabala nami aliiinua simu yangu, akaisogeza mbali na macho maana miwani aliisahau ndani, akasoma kwa sauti ya tangazo la kifo redioni: "Ndugu mteja, simu hii imefungwa kwa sababu hujalipa. Lipa shilingi 165 uendelee kuitumia." Akanitazama. Kisha akawatazama mbuzi wetu watatu waliokuwa chini ya mwembe, nikajua anajiuliza kama nao hufungwa wasipolipiwa.

Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita, Tulia, Kitui, na masikio yangu bado yana moto. Tulitoka Makueni alfajiri kumpelekea mpwa wangu ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hajaoa hata kama ana cheti cha kanisa na picha ya harusi ukutani. Msemaji nilikuwa mimi. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimesimama, nimekohoa, nimewaambia wakwe kwamba binti yao anaenda kwa watu wanaojiweza, watu ambao hawajawahi kugongewa mlango na mdai. Nilisema kweli tupu. Mdai hajawahi kugonga mlango wangu. Siku hizi hawagongi.

Simu hii lazima niieleze, kwa sababu kijana wa duka aliponifafanulia inavyofanya kazi nilisahau hasira nikavuta kiti. Ndani ya simu ya mkopo kuna programu iliyozikwa chini kabisa, chini ya picha zako, chini ya WhatsApp, mahali ambapo fundi wa stendi hafiki na bisibisi yake. Ukiifuta simu yote ianze upya, inaamka, inashika mtandao, na swali lake la kwanza kwa makao makuu ni: huyu bado anadaiwa? Ikijibiwa ndiyo, programu inarudi kitini. Ukibadilisha laini haijali, maana haikujui kwa laini, inajijua yenyewe kwa nambari iliyopewa kiwandani. Ukizima data ukidhani umeiziba masikio, ina saa yake ndani. Imeshahesabu siku ulizonunua, na zikiisha inajifunga bila kumuuliza mtu.

Ndiyo, siku hununuliwa. Wewe unadhani unalipa deni, kumbe unanunua siku: shilingi 55, siku moja, 385, wiki. Zikiisha, simu inakuachia mambo mawili tu, kupiga nambari ya dharura na kubonyeza kitufe cha kulipa. Yaani umebaki na polisi na mdai.

Ujanja huu Wakenya tuliuona kwanza kwenye sola. M-KOPA walipoanza kuuza mitambo ya taa mwaka 2012, kisanduku cha betri kilikuwa na laini ya simu ndani yake. Unatoa malipo ya awali, kisha unatuma shilingi chache kila siku kwa M-Pesa, karibu zile zile ambazo ungenunulia mafuta ya taa, na baada ya mwaka mmoja hivi mtambo unakuwa wako. Usipotuma, taa haziwaki. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilitikisa kichwa kwa heshima. Tangu zamani mdai alilazimika kupanda kilima, kufukuzwa na mbwa, na kuambiwa na mtoto, "Baba amesema hayuko." Sasa anakaa Nairobi kwenye kiti cha kuzunguka, jua la Ukambani linachoma mabati bure, na yeye ndiye anayeamua kama mwanga wake utaingia sebuleni. Mkoloni alitutoza kodi ya vibanda tangu 1901, lakini jua hakulifikiria.

(Kampuni iliyonikopesha simu ni nyingine kabisa, na jina lake naliacha. Inanijua vizuri kuliko ninavyotaka.)

Basi turudi Tulia. Mtu atauliza kwa nini sikulipa mapema. Siku ya kulipa niliikumbuka vizuri, na pesa zilikuwapo. Ziligeuka mbuzi wa tatu. Muuzaji alipotuona tumevaa suti saa kumi na mbili asubuhi alielewa kila kitu, akapandisha bei papo hapo, na msafara wa ntheo hauwezi kusema utarudi wiki ijayo. Kati ya mbuzi na simu nilichagua mbuzi. Mwanamume yeyote wa Ukambani angefanya hivyo.

Shida ni kwamba orodha yetu ya mazungumzo ilikuwa ndani ya simu. Mpwa wangu, kijana mwenye moyo, akaninong'oneza, "Mjomba, nakutumia." Akatuma 500 kwenye laini yangu. Zilifika, sina shaka, kwa sababu simu ilitetemeka. Lakini laini yenyewe ilikuwa na deni lake la pembeni, ule mkopo unaojileta wenyewe salio likipungua, na mkopo wa aina hiyo una kanuni moja: shilingi inayoingia, iwe ya karo, ya rambirambi au ya kuoa, hukatwa kwanza kabla mwenyewe hajaiona. Kwa hiyo mia tano za bwana harusi zikalipa deni ambalo hakuna aliyelijua, na lile ambalo kila mtu alikuwa amesomewa likabaki kwenye kioo. Ndugu yangu naye akachanga mia mbili. Simu ikatetemeka tena. Shangazi wa binti akauliza kwa upole kama kifaa hicho ni kigonjwa.

Hapo mzee akaomba nambari ya kitambulisho changu. Nikaitaja mbele ya ukoo mzima, tarakimu moja moja, naye akairudia kwa sauti huku akibonyeza simu yake, kabambe ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, simu ambayo haijawahi kudaiwa na mtu. Akalipa zile 165. Baba wa bibi harusi, siku ya kupokea mahari, alimlipia deni msemaji wa bwana harusi. Wazee wetu waliokuja nami waligundua ghafla kwamba mwembe ule una majani mazuri sana.

Ningeweza kustahimili hayo. Lakini simu za mkopo zikifunguliwa hurudi pale pale ulipoziachia, na mimi niliiachia kwenye orodha. Simu bado ilikuwa mkononi mwake. Safari hii hakusoma kwa sauti. Nami orodha naijua kwa moyo, niliiandika mwenyewe:

"Mbuzi: wakisema 48, tuanze 20. Tupande polepole. Mwisho 35, USIPITE. Blanketi za mama: mbili, wakisema nne tukubali tatu. Wakiuliza kazi ya kijana, pikipiki ni yake. DENI LA PIKIPIKI LISITAJWE."

Akampitishia ndugu yake. Ndugu yake akampitishia mzee wa tatu, ambaye alikuwa na miwani. Walinong'onezana Kikamba cha ndani kabisa, kile cha kuzungumzia mifugo. Kisha mzee akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu yote, akasema hakuna haja ya kupoteza jua. Mbuzi thelathini na watano ni sawa. Blanketi tatu ni sawa. Na kijana awe mwangalifu na pikipiki, maana amesikia siku hizi huzimwa kutoka Nairobi.

Wakatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, wakaandika: mbuzi 35, watatu wamepokelewa. Chini yake mzee akaongeza, "Simu, 165."

Nilipowauliza hao thelathini na wawili waliobaki walipwe lini, wazee walishangaa swali. "Mkipata," wakasema. Hilo ndilo sharti lote. Mahari ya Kikamba ni lipa polepole iliyotangulia lipa polepole zote, na asiyejua huidhani mzaha kwa sababu karibu hakuna anayeimaliza. Mimi mwenyewe nadaiwa kwa wakwe zangu mpaka leo. Tukikutana mazishini wananiuliza habari za watoto, mvua, na ndengu. Mbuzi hutajwa mwishoni, kwa kicheko, ili nisijione nimesahaulika. Mdai ananijua, anajua mwaka mvua ilipokosekana, na hakuna hata mke mmoja aliyewahi kujifunga saa sita usiku akabakiza nambari ya dharura na kitufe cha kulipa.

Mengine yaliyonipata katika mambo ya madeni ni madogo. Hazina ya Hasla, ule mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022 nilipewa kikomo cha shilingi 500, na kwa kuwa asilimia tano huwekwa akiba kwa lazima, nikatia mfukoni 475, nikanunua mbolea ya sufuria mbili. Nilimdhamini mwenzangu kwenye Sacco. Yuko Qatar, hali yake ni njema. Pikipiki ya mpwa ilizimika juu ya kilima ikiwa imebeba magunia ya mkaa, ikateremka kinyumenyume bila deni lolote kwa kanuni za fizikia.

Nimejaribu kuona kama sheria inanisaidia. Machi 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali: wasitishe mtu, wasimtukane, wasiwapigie watu waliomo kwenye orodha ya simu yake kumwaibisha. Na hayakuwa maneno matupu, kwa sababu mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja faini ya karibu shilingi milioni tatu kwa mchezo huo wa kutumia majina ya watu. Vizuri sana. Lakini sijaona kifungu kinachozungumzia simu yenyewe kumsema mwenyewe mbele ya wakwe. Hawakumpigia mtu. Hawakutukana. Walisema tu "Ndugu mteja".

Na hapa ucheshi unaniishia, kwa sababu nilichukua kalamu. Simu ile ukiilipa taslimu ni shilingi 12,000. Mimi nilitoa 2,000 za awali, nikabaki nikidaiwa 10,000. Kwa hizo elfu kumi, mkataba unasema nilipe 55 kila siku kwa siku 365, jumla 20,075. Mwalimu jirani yangu akikopa elfu kumi zile zile kwenye Sacco yenye riba ya asilimia moja kwa mwezi, inayopungua kadiri deni linavyopungua, kwa mwaka mzima atalipa riba isiyofika shilingi 700. Mwalimu ana hati ya mshahara. Mimi nina ndengu, na ndengu zina msimu. Kwa hiyo yeye analipa mia saba, mimi nalipa elfu kumi na zaidi, halafu mimi ndiye ninayefungiwa. Aliyelipa robo tatu na aliyelipa robo, wakikosa siku moja, kioo ni kile kile. Mwaka 2016 Bunge liliziwekea benki kikomo cha riba, benki zikalia, na mwaka 2019 kikaondolewa. Kilio hicho cha benki kilisikika mpaka huku kwetu. Chetu sijui kilipelekwa kwa anwani gani.

Juzi nilienda dukani na karatasi yangu ya hesabu. Kijana yule ana adabu, ananiita mzee, akanivutia tena kile kiti. Aliipitia mistari yote kwa kidole, akakubali kwamba kuzidisha nimezidisha sawa. Nikamuuliza: riba gani hii ya zaidi ya asilimia mia?

"Mzee, hiyo si riba," akasema. "Hiyo ni bei ya polepole."

Nikamuuliza bei ya haraka ni ipi. Akanionyesha kibandiko kwenye kioo cha kabati: 12,000.

"Lakini hiyo," akasema, na nakuapia alisema kwa huruma, "ni ya watu wenye pesa."